Fundi Aliyeshindana na Boksi

Pale Msamvu, mjini Morogoro, barabara ya kutoka Dar es Salaam inagawanyika, moja inashika njia ya Dodoma, nyingine ya Iringa. Mizigo mingi inayotoka bandarini kwenda bara hupita hapo, na samani nazo zimo: kabati lililolazwa bapa ndani ya boksi, viti vya plastiki vilivyopandanishwa, sofa iliyofungwa nailoni. Seremala wa Msamvu hahitaji kusoma gazeti ili amjue mshindani wake. Anamwona akishushwa kwenye buti la basi.

Kisa hiki ni cha fundi mmoja wa maeneo hayo. Jina simpi, kwa kuwa nimewakusanya wengi ndani yake, na yeyote aliyewahi kuagiza kitanda atamtambua.

Kazi alijifunza kwa mzee mmoja mkali asiye na haraka. Mzee akinunua mninga au mkongo alizipanga mbao kivulini, kila moja ikitenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite, kisha akaendelea na shughuli zake kana kwamba hana mbao kabisa. Hesabu yake ilikuwa ya kienyeji: unene wa inchi moja, mwaka mmoja. Kijana aliona hizo ni fedha zilizolala, na kweli zilikuwa zimelala. Asichokiona ni kwamba zilikuwa zikifanya kazi humo usingizini.

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Samani ya kukaa ndani ya nyumba inataka mbao iliyobakiwa na unyevu wa takribani asilimia 12. Tena mbao inapokauka haipungui sana urefu, inasinyaa upana. Ulimi uliochongwa ukiwa mbichi wakati wa masika, ukaingia kwenye tundu lake ukabana barabara, ifikapo Septemba unacheza. Kitanda kinaanza kulia usiku, na wapangaji wa chumba cha pili wanajua. Uso wa meza uliopigiliwa misumari pande zote unataka kusinyaa lakini umezuiwa, basi unapasuka kwa kufuata nyuzi zake. Mzee aliyajua haya kwa mkono, bila kipimo.

Fundi wetu alipofungua karakana yake alianza vizuri. Kisha wateja wakaanza kumwambia, "Fundi, kabati kama hili dukani ni nusu ya bei yako." Hapo ndipo alipopotea, kwa sababu aliukubali ugomvi wa bei. Mtu mwenye randa, patasi na vijana wawili hawezi kushindana kwa bei na kiwanda cha ng'ambo kinachotoa makabati kwa makontena. Lakini alijaribu. Akanunua mbao zilizoshushwa jana usiku, bado nzito kwa maji. Ulimi na tundu vikaachwa, ikaingia misumari na gundi. Paina ikapakwa rangi ikaitwa mninga. Hata mninga wenyewe ulipokuwepo, alichanganya kiini na ile sehemu nyeupe ya pembeni ambayo wadudu wanaipenda, na baada ya miezi mteja akawa anafagia unga chini ya kitanda kila asubuhi asijue unatoka wapi.

Bei ikishuka hivyo, faida haipo. Akaanza kula advansi: fedha ya kitanda cha huyu inanunua vanishi ya kabati la yule.

"Fundi, harusi ni Jumamosi."

"Usiwe na wasiwasi mama yangu. Ijumaa jioni njoo na gari kabisa."

Ijumaa jioni mama alikuja na kirikuu cha kukodi. Kitanda cha futi tano kwa sita kilikuwa hakijapata ubao wa kichwani, na kijana wa karakana ndiye aliyeachwa kujibu maswali. Simu ya fundi haikupokelewa mpaka Jumatatu. Yule bwana harusi alikwenda dukani, akalipa, akapewa risiti, akaondoka na boksi lake siku hiyohiyo. Tukisema bidhaa za nje ziliwaua maseremala wetu, tukumbuke na Ijumaa kama hiyo. Duka halikumshinda fundi kwa ubora, lilimshinda kwa kuwa na kitu siku liliyoahidi.

Kwa ubora boksi lina aibu zake. Lile kabati ni chenga na vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, likavikwa karatasi yenye picha ya mbao. Ukipiga deki, maji yakafika miguuni, linavimba kama andazi na halirudi. Skrubu iking'oka mara moja, tundu lake haliishiki tena. Mpangaji akihama kutoka Kihonda kwenda Mazimbu analifikisha likiwa limelegea. Fundi angeweza kumweleza mteja mambo haya yote, tena kwa mfano wa kushika mkononi. Lakini angeanzaje, na kitanda chake nacho kinalia?

Wapo wanaosema dawa ni ushuru. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka samani katika kundi jipya la ushuru wa asilimia 35 kwa bidhaa kutoka nje ya jumuiya. Awali ilikuwa 25. Ni jambo jema, ila ushuru haukaushi mbao. Na mbao nazo hazikutukimbia zenyewe. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu uvunaji wa misitu ya kusini mwa Tanzania, ikaonekana kwamba China ilikuwa imeandikisha mazao ya mbao kutoka kwetu mara kumi ya kile tulichoandika sisi kuwa tumekiuza. Miti migumu ilipanda meli, vumbi lililogandishwa likashuka. Mkoa wa Morogoro una mtiki Mtibwa na Kilombero, na mjini hapohapo kuna Chuo Kikuu cha Sokoine kinachofundisha sayansi ya misitu na mbao. Kutoka chuoni mpaka Msamvu ni safari fupi ya daladala, lakini elimu ya kukausha mbao bado haijaimaliza.

Banda la kukaushia linalotumia jua, lenye paa la nailoni angavu na feni, hugeuza miezi kuwa wiki. Kwa fundi mmoja ni gharama. Kwa kumi waliojiunga siyo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na wale vijana wa karakana wana sifa.

Fundi wetu hakujiunga na mtu. Siku hizi anaitwa majumbani kufunga makabati yaliyokuja kwenye maboksi, analipwa ujira wa kukaza skrubu, na patasi zake zina kutu.

Wewe unayekwenda kuagiza kitanda wiki hii, kabla ya kuuliza bei omba uoneshwe mbao zilipopangwa. Uliza zimekatwa lini. Kisha muandikiane tarehe, na fedha ya mwisho itoke siku kitanda kinapopakiwa.