Siri ya Jicho la Kulia

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumeirithi kwa wazee, na sidhani kama yupo mzee wa mwambao asiyeitoa pale mtoto anapokataa kuonyesha kidonda. Nami sikuwahi kuitilia shaka hadi nilipoyasoma maisha ya Willie O'Ree, Mkanada mweusi aliyeficha upofu wa jicho moja kwa miaka mingi. Siri yake ilipojulikana haikumuumbua. Ilimzidishia heshima, na hapo ndipo tatizo langu lilipoanzia.

O'Ree alizaliwa mwaka 1935 mjini Fredericton, akiwa mtoto wa mwisho miongoni mwa watoto 13, katika ukoo wa watumwa waliotoroka Marekani wakakimbilia kaskazini. Huko maji huganda wakati wa baridi, na watoto hujifunza kuteleza juu yake kama wetu wanavyojifunza kuogelea. Mchezo wao ni mpira wa magongo wa barafuni, na kinachopigwa humo si tufe bali kisahani kigumu cha mpira, chenye kasi ya kuvunja mfupa. Katika msimu wa 1955-56, kijana huyu akiwa na miaka 20, kisahani hicho kilimpiga usoni na kumwondolea asilimia 95 ya nuru ya jicho la kulia. Daktari akamwambia hatacheza tena. Akarudi barafuni.

Ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, NHL, ilikuwa na kanuni ya kumzuia mwenye jicho moja. O'Ree alinyamaza. Tarehe 18 Januari 1958, mjini Montreal, aliingia uwanjani na jezi ya Boston Bruins, akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Boston wakashinda 3-0. Watazamaji wa viwanja vile waliiona ngozi yake kabla ya kuuona mchezo wake, wakamtukana kwa ajili yake. Jicho, ambalo kanuni ililikataa waziwazi, hawakuliona.

Je, alidanganya?

Wepesi wetu ni kujibu kwa mapenzi. Akipenda, chongo huita kengeza. Nasi tunampenda O'Ree, maana alidhulumiwa akastahimili. Lakini mapenzi si hoja. Tena kuficha kwake hakukutokana na ubaguzi wa rangi: mzungu mwenye jicho moja angefungiwa mlango uleule. Anayetaka kumtetea kwa sababu ya rangi yake anamtetea kwa kosa ambalo hakushtakiwa.

Hoja nzito dhidi yake iko sokoni mwetu. Waislamu wanaikumbuka hadithi ya Mtume aliyetia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilichorowa, watu wakakiona. Muuzaji yule hakutamka neno la uongo, alipanga rundo tu. Basi mchezaji wa kulipwa naye si muuzaji? Anauza macho, miguu na mikono yake, na mnunuzi ana haki ya kuijua aibu ya bidhaa.

Nimeigeuzageuza hoja hii, na kila mara naikuta imara kuliko nilivyotaka iwe. Lakini kuna mahali inapopwaya. Mnunuzi wa nafaka hakuiona iliyo chini. Klabu ilimwona O'Ree akicheza, mechi baada ya mechi, ndipo ikamchukua. Kilichonunuliwa ni uchezaji, nao ulikuwa juu ya rundo mchana kweupe. Jicho lilikuwa kama ghala ambamo bidhaa ilitoka. Kwa mwenye klabu, basi, naona hakudhulumu. Na kama angeulizwa waziwazi akakana, nisingekuwa na la kumtetea. Kati ya kunyamaza na kukana pana bahari.

Wanaonitia wasiwasi ni wengine. Kanuni ile haikutungwa kwa uadui. Ilichelea kwamba mwenye jicho moja angelipoteza la pili, abaki gizani maisha yake yote. Hatari hiyo ilikuwa yake, na mtu mzima huenda ana haki ya kujihatarisha, ingawa aliyewahi kumshika mkono kipofu hatalisema jambo hili kwa wepesi. Lakini mchezaji mwenzake aliyekuja kwa kasi upande wa kulia hakujua kwamba haonekani. Yeye hakuombwa ridhaa. Hapa sipati jibu linaloniridhisha, na wanaomsifu O'Ree aghalabu hupita pahala hapa mbiombio.

Nao upofu ulimdai kodi. Alikuwa winga wa kushoto, yaani uwanja wote ulikuwa upande wa jicho lililokufa. Ilimbidi ageuze kichwa kizima kuutafuta mchezo. Amesimulia kwamba alijizoeza kuyasahau asiyoweza kuyaona na kuyashika anayoyaona. Katika NHL alicheza mechi 45 tu, akafunga mabao 4. Huko Los Angeles, katika ligi ya chini, alihamishiwa winga ya kulia, jicho zima likaelekea uwanjani. Akawa mfungaji bora wa ligi hiyo mara mbili. Laiti angesema mapema, huenda angehamishwa mapema. Au angefukuzwa siku hiyohiyo, na mlango aliouingia mwaka 1958 ungemngoja mwingine. Mweusi wa pili, Mike Marson, hakuingia mpaka 1974.

Mwaka 2018 O'Ree aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Tarehe 18 Januari 2022, miaka 64 kamili tangu usiku ule wa Montreal, Boston waliitundika jezi yake, namba 22, darini mwa uwanja wao, isivaliwe tena. Janga la korona lilimzuia kusafiri. Alishuhudia kwa video kutoka San Diego, mzee wa miaka 86, akiitazama namba yake ikipandishwa kwa jicho la kushoto.