Anayenunua Naye Ana Mkono

Habari ya usalama haikosi midomoni mwetu hapa Nairobi. Ndani ya matatu tunaambiana tufunge madirisha foleni ikisimama pale Globe. Mtaani tunachanga pesa za geti na mlinzi. Kwenye maombi ya alfajiri tunakemea kila roho ya wizi. Tunafanya vizuri. Lakini kuna swali moja sisikii tukiulizana: zile simu zikishanyakuliwa, huwa zinakwenda wapi?

Kabla ya kuingia huduma nilisomea biashara, na jambo moja nililotoka nalo darasani ni kwamba bidhaa hufuata mnunuzi. Kijana anayenyakua simu kumi hana masikio ishirini. Anajua kuna mtu anazingojea, na nyuma ya huyo mtu kuna wewe na mimi tunaotafuta simu ya elfu kumi na tano kwa elfu nne.

Hata serikali iliwahi kuliona hili. Januari 2022, nguzo za umeme kwenye laini ya Kiambere hadi Embakasi zilianguka na karibu nchi nzima ikaingia giza. Siku chache baadaye, Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umma. Unaona? Hawakumwangalia tu anayekata chuma usiku. Waliangalia pia mizani inayokipima mchana. Vivyo hivyo mtaani kwetu. Waya wa taa ya barabarani ukiuzwa kwa kilo, dada yetu anayetoka kazini saa tatu usiku anapita gizani. Kifuniko cha shimo la maji taka kikiuzwa, mtoto wa mtu anatumbukia.

Sasa utaniambia, "Pastor, mimi sikujua imeibwa." Inawezekana kabisa. Lakini kutojua ni jambo moja, na kutotaka kujua ni jambo lingine. Mtu amekufungulia koti kwenye kichochoro, simu haina boksi wala risiti, anaangalia nyuma kila mara, bei inashuka kabla hata hujaomba ipunguzwe. Jameni, hapo si umeshajua? Ulichofanya ni kunyamaza ili usiambiwe. Kifungu cha 322 cha sheria ya makosa ya jinai hapa Kenya kinamhusu anayepokea mali akijua imeibwa, na pia yule aliye na sababu ya kuamini imeibwa. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Na Mithali 29:24 inaingia ndani kuliko sheria: anayeshirikiana na mwizi anaichukia nafsi yake mwenyewe.

Kuna linaloniumiza zaidi. Mtu akipiga kelele "Mwizi!", umati unakusanyika na mawe na tairi. Kijana anauawa kwa sababu ya simu, bila kufikishwa mahakamani, na tunasema mtaa umesafishwa. Lakini ndani ya umati huo huo, ni mifuko mingapi ina simu iliyopatikana kwa njia hiyo hiyo? Aliyeiba anachomwa. Aliyemlipa anarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Hiyo si haki, wapendwa. Mbele za Mungu, wote wawili wanahitaji toba, na wote wawili Kristo aliwafia.

Sisemi bei nafuu ni dhambi. Maisha ni magumu, na mtumba wa Gikomba umewavisha wengi wetu. Kuuza kitu kilichotumika ni biashara halali. Nasema tuulize. Omba risiti. Bonyeza *#06# uone kama namba inayotokea inalingana na ile ya kwenye boksi. Nunua kwa mtu mwenye duka unaloweza kurudi kesho. Asiyetaka kuulizwa amekwisha kukujibu. Ukikosa simu kubwa mwaka huu, ile ndogo bado inapokea habari njema.

Na kama tayari unayo nyumbani? Zakayo hakuishia kusema pole. Katika Luka 19 aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Ninajua kuingia kituo cha polisi na simu ya namna hiyo kunatisha, na hofu hiyo siidharau. Ndiyo maana sitakuambia uende peke yako. Njoo uniambie ofisini baada ya ibada, tuombe, tutafute ushauri wa wakili, halafu twende pamoja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tuanze kwa kukagua nguo zetu wenyewe, kisha tuombee mji huu kwa mikono safi. Mungu akubariki.