Lango Kwenye Njia ya Wote

Kwani mtu anaweza kumiliki wazo kwamba mwalimu wa darasa hili anaweza kuwa mwanafunzi wa darasa lile? Januari 2006, Marekani iliipa Blackboard, kampuni ya programu za masomo ya mtandaoni, hataza ambayo kiini chake kilikaribia hapo: mtumiaji mmoja, akaunti moja, majukumu tofauti katika kozi tofauti. Mwenye hataza ana haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake. Julai mwaka huo huo, Blackboard ikaishtaki Desire2Learn, mshindani wake mdogo kutoka Kanada. Februari 2008, jopo la raia mahakamani Texas likaamua Desire2Learn ilipe dola milioni 3.1.

Hoja ya Blackboard si ya kupuuzwa. Anayekesha akiandika programu hastahili kuibiwa. Lakini maandishi ya programu tayari yanalindwa na hakimiliki: ukinakili mistari yangu, umeniibia. Hataza inaenda mbali zaidi. Inamzuia hata yule aliyekaa kivyake, akaandika mistari yake mwenyewe, akafika pale pale. Sasa huyo ameiba nini? Tena wazo lenyewe si geni. Madrasani, mwanafunzi mkubwa huwafundisha wadogo alifu na bee, kisha hurudi kuketi mbele ya mwalimu wake.

Kinachonikera zaidi ni ile huruma. Februari 2007, Blackboard iliahidi kutotumia hataza zake dhidi ya programu huria kama Moodle, ambayo vyuo vikuu vingi hapa Kenya hutumia. Tushukuru? Mimi nasita. Mtu akiweka lango kwenye njia ya wote, halafu akuambie “wewe pita tu,” lango bado ni lake. Unapita kwa hisani, na anayepita kwa hisani hujifunza kunyamaza wenzake wanapozuiwa.

Julai 2009, mahakama ya rufaa iliona madai ya hataza hiyo hayawezi kusimama, na Desemba pande hizo mbili zikapatana. Sawa, haki ilipatikana. Lakini ilichukua miaka mitatu, na mawakili hawafanyi kazi bure. Kijana wa Nairobi aliyeunda programu ya kufundishia hesabu angetoa wapi hela za miaka mitatu? Angefunga duka wiki ya kwanza, hata kama ukweli ulikuwa upande wake, na sisi tusingewahi kujua alitaka kutufundisha nini.