Mgeni na Tiketi Yake ya Kutoka
Andiko: Waebrania 11:8–16, Mwanzo 23



Tangu Januari 2023, Mkenya haombi viza kwenda kutembea Afrika Kusini. Anaweza kukaa hadi siku 90 kwa mwaka. Vijana wetu wameufurahia mlango huo. Lakini wengine wakisikia "bila viza" wanadhani ni bila maswali. La. Utatakiwa kuwa na pasipoti ambayo muda wake haujaisha, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na tiketi ya kurudi au ya kuendelea hadi nchi nyingine. Yaani kabla ya kuingia, onyesha utakavyotoka.

Na swali hilo halingoji ufike kule. Unaulizwa hapa hapa nyumbani, kwenye kaunta ya ndege. Kwa nini? Kwa sababu ukikataliwa kule, kampuni iliyokupeleka ndiyo hubeba jukumu la kukurudisha. Nimeshuhudia mtu akiachwa pale kaunta na begi lake, huku jamaa zake wako nje wanapunga mikono, wakidhani ameshapita.

Sasa mtazame Abrahamu. Mungu alimwahidi nchi, lakini humo humo aliishi kwenye hema. Sara alipofariki, aliwaambia Wahiti wazi kwamba yeye ni mgeni kwao, akanunua mahali pa kuzika kwa shekeli 400 za fedha. Nchi nzima ni ya ahadi, na alichonunua ni kaburi! Waebrania inatuambia sababu: alikuwa anautazamia mji mwingine. Lile hema ndilo lilikuwa tiketi yake. Ukiliona tu, unajua mwenyewe ni mpitaji.

Hebu nikuulize, mpendwa. Wewe unashuhudia kila Jumapili kwamba dunia si kwako. Mbona basi kesi ya mpaka wa shamba na ndugu yako imeingia mwaka wa sita, na hamsalimiani? Mtu anayeondoka hagombani hivyo. Tiketi yako iko wapi?

Kuna jingine siwezi kulipita. Kijana mmoja alinijia, ajenti amemuuzia tiketi feki ya kurudi. Karatasi safi, jina lake lipo, lakini hakuna nafasi iliyolipiwa. Akasema, "Pasta, si ni ya kuonyesha tu? Niombee nipite." Nikamjibu, "Mwanangu, nitakuombea, lakini hiyo karatasi siiombei." Mama yake aliuza ng'ombe kwa ajili ya safari hiyo. Akigunduliwa, ng'ombe amekwenda na jina limeharibika.

Kama unakwenda kutembea, nunua tiketi ya kweli, hata kama itabidi uchelewe miezi miwili. Kama nia yako ni kufanya kazi, tafuta kibali cha kazi. Usianze safari kwa uongo halafu umwite Mungu aje auwekee muhuri.

Wazazi, waulizeni watoto wenu wiki hii, kabla pesa hazijatoka. Na wewe mwenye kesi ya shamba, mpigie ndugu yako simu leo, usingoje Jumapili ijayo.

Tuombe: Bwana, tufanye wageni wa kweli, mikononi mwetu pasiwe na karatasi ya uongo, mioyoni mwetu pasiwe na mizizi ya dunia hii. Katika jina la Yesu. Amina.