Usipige Hema Kwenye Njia ya Maji

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 11 Juni 2010, familia nyingi zilikuwa zimelala katika kambi ya Albert Pike, ndani ya Msitu wa Taifa wa Ouachita, jimbo la Arkansas nchini Marekani. Shule zilikuwa zimefungwa. Wengine walikuwa wametoka majimbo jirani ya Louisiana na Texas, wakubwa kwa wadogo, kuja kupumzika. Mahali penyewe panapendeza: bonde jembamba kati ya vilima vyenye miti mirefu, uwanja tambarare wenye kivuli, na mto mdogo wa maji maangavu, Little Missouri, unaopita hatua chache kutoka kwenye mahema. Hadi kunapambazuka watu 20 walikuwa wamekufa, watoto wadogo wakiwemo.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu huku kwetu desturi ya kwenda kulala msituni inazidi kupendwa. Vikundi vya vijana, vya kanisa na vya kazini hupanga safari za Aberdare, za miteremko ya Mlima Kenya, za Magamba kule Lushoto, za Uluguru. Ni jambo jema, na sipendi mtu aliache. Ila tazama maandalizi yanavyokwenda: watu hujadili nani ataleta jiko, nani nyama, usafiri utagharimu kiasi gani, fulana zitakuwa za rangi gani. Hema litasimama wapi, hilo hakuna anayeliuliza. Huachwa mpaka watu wafike, miguu imechoka na giza linaingia, na saa hiyo kila mmoja wetu, mimi nikiwemo, huvutwa na sehemu ile ile: iliyo sawa, laini, karibu na maji.

Usiku ule mvua kubwa ya radi ilitua juu ya vilima vya Ouachita. Vilima hivyo vina miteremko mikali, na udongo wake ni mwembamba juu ya mwamba, kwa hiyo maji hayapati pa kuzama. Yalishuka kwa vijito vingi, na vijito vyote vikakutana katika bonde lile moja. Kipimo cha mto kilichoko Langley, chini ya kambi, kilionyesha kina cha kama mita 1 usiku wa manane. Ilipofika saa 11 na nusu alfajiri kilikuwa kimepita mita 7, maji ya kufunika nyumba ya kawaida pamoja na paa lake. Katika saa moja ya usiku ule mto ulipanda zaidi ya mita 2. Fikiria umelala, umechoka, na mtoto yuko kwenye mfuko wake wa kulalia ambao zipu yake imefungwa mpaka shingoni. Magari na nyumba za kuvutwa na magari zilisombwa. Kati ya waliopona wamo waliokwea mteremko gizani kwa mikono na magoti, na waliong'ang'ania miti mpaka kukapambazuka.

Onyo lilitolewa. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ilitangaza hatari ya mafuriko ya ghafla mnamo saa 8 usiku. Lakini bondeni hapakuwa na mtandao wa simu wala king'ora, na watu walikuwa usingizini. Onyo likabaki hewani.

Ishara nyingine zilikuwepo tangu zamani. Wengi wa waliokufa walikuwa wamelala katika sehemu mpya ya kambi, iliyowekewa hadi umeme na maji kwa ajili ya magari ya kulalia. Familia za marehemu zilipokwenda mahakamani ilidhihirika kwamba ndani ya idara yenyewe ya misitu ilijulikana kuwa sehemu ile iko kwenye eneo la mafuriko ya miaka 100. Maneno hayo huwadanganya watu wengi. Wakisikia miaka 100 wanadhani mafuriko yakishapita leo, wajukuu ndio watakaoyaona tena. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka, mwaka huu ukiwemo, ipo nafasi moja katika mia ya maji kufika pale. Kesi yenyewe haikufanikiwa, kwa sababu sheria ya jimbo humlinda mwenye ardhi anayewafungulia watu waje kujiburudisha. Kwa hiyo usijitulize kwa kuona kwamba mahali pana kibao, choo na risiti ya malipo. Macho yako ndiyo yakague.

Na macho yanaona, yakipewa muda kabla jua halijazama. Kabla hujafungua mzigo, simama karibu na mti ulio kandokando ya mto, utazame shina lake upande unaoelekea mto unakotoka. Ukikuta nyasi kavu, vijiti au mfuko wa plastiki uliochanika umejisokota kwenye tawi, ujue maji yalifika hapo. Pima urefu huo kwa mwili wako. Ukiwa kifuani, basi siku ile hema lako lingekuwa limezama. Kwangua majani kidogo kwa kisigino: mchanga laini na kokoto za mviringo huletwa na mto. Usawa ule unaoufurahia umetengenezwa na maji, mwaka hadi mwaka.

Tusiseme hayo ni ya Marekani. Kule Hell's Gate, Naivasha, vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa Aprili 2012 maji yalipowakuta ndani ya korongo. Septemba 2019 watu saba wengine wakafa katika korongo hilo hilo, na mwongozaji wao alikuwa miongoni mwao. Mahali kama pale mvua hunyesha juu, mbali na macho, na wewe uliye chini unaweza kuwa unajipangusa jasho. Kwa hiyo unapofuatilia utabiri wa hali ya hewa usiishie kwenye jina la kambi. Uliza mto unatoka wapi, na huko kunatarajiwa nini, hasa wakati wa masika na vuli. Kisha mtafute mchungaji au mama anayekata majani karibu na pale, umwamkie kwa heshima, umwombe akuonyeshe kwa kidole maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa kuliko zote anazozikumbuka.

Najua kulala juu kuna taabu yake. Maji ya kupikia yatabebwa kwa madumu, ardhi itakuwa na mwinamo, watoto watanung'unika. Vumilieni. Kabla ya giza wapitisheni watoto kwenye njia ya kupanda kilimani, waijue kwa miguu yao. Viatu na tochi vikae mlangoni mwa hema. Mvua ikianza, mtu mzima mmoja asilale. Akiona maji yamegeuka rangi ya udongo na yanabeba majani na vijiti, au akisikia mawe yakigongana mtoni, awaamshe wote.

Lipo jambo jingine linalonitia wasiwasi kuliko mto wenyewe. Katika vikundi vyetu mwenyekiti ndiye aliyetafuta kambi, hela zimeshalipwa, na mdogo aliyeona dalili huona aibu kumwambia mkubwa kwamba hapa si pa kulala. Atachekwa, ataitwa mwoga. Hivyo ananyamaza, na ukimya wake unawaponza wote. Basi kabla hamjaondoka nyumbani mchagueni mtu mmoja, awe mdogo au mkubwa, mkubaliane mbele ya wote kwamba neno lake halitabishaniwa. Akisema saa 7 usiku kwamba tuhame, hameni kwa miguu kuelekea juu, mahema na sufuria viacheni, gari msijaribu kulivusha kwenye maji, hata kama asubuhi mtaukuta mto pale pale ulipokuwa jioni.