Baridi ya Nani?

Julai haituletei theluji, lakini mtu wa Eastlands akikwambia kuna baridi, mwamini. Jua hujificha hata wiki nzima, manyunyu hayaishi, na nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka.

Julai iliyopita nilimfungia kijana wangu ndani. Ana miaka mitano, tunaishi Umoja, ghorofa ya nne. Nilimwambia atashikwa na nimonia. Akasimama dirishani akiwatazama wenzake wakicheza bano kwenye kipande cha udongo kando ya geti, kisha akaniuliza, "Mathe, mbona wao hawashikwi?"

Nikakosa jibu. Nimonia huletwa na viini, na moshi wa ndani humwongezea mtoto hatari. Nami nilikuwa nimefunga madirisha yote, jiko la makaa linawaka sebuleni, eti mtoto apate joto. Jiko kama hilo, kwenye chumba kisicho na hewa, huua watu wakiwa usingizini.

Sasa nilikuwa namkinga nani? Nikisema ukweli, nguo zilitangulia mapafu yake, maana anayefua ni mimi. Halafu kuna majirani. Mtoto akikohoa kwenye ngazi, anayetazamwa ni mama. Swali ambalo bado linanisumbua ni hili: nina haki gani ya kumnyima mtoto Julai yake nikitaja usalama wake, ilhali ninacholinda ni jina langu?

Mimi nililelewa Kaloleni, kwenye nyumba zile za miaka ya 1940 zilizojengwa kuzunguka viwanja. Kwetu Julai ilikuwa msimu wa udongo. Januari ni vumbi tupu, huwezi kufinyanga kitu. Julai udongo unashikana: tulitengeneza sufuria za kalongolongo, tukachimba mashimo ya bano kwa kisigino. Refa hakuwepo. Ukidai bano yako imegusa, unabishana mpaka mwenzako akubali, na ukizidisha uongo, kesho hawakuiti. Neno haki nilikuja kulisikia darasani baadaye, na nilikuwa nalijua tayari. (Niliwahi kukaa siku mbili bila kuitwa. Nilistahili.)

Sisemi mtaa ni ule ule. Hapa Umoja nyumba za chini za miaka ya 1970 zimemezwa na magorofa, na boda zinapita kama zinafukuzwa. Hofu hiyo si ya kubuni. Ila boda hupita Januari pia, na Januari nilikuwa namwachilia.

Kesho yake nikamvalisha gambuti, sweta mbili na boshori, nikashuka naye, nikaketi kwenye stuli pale getini nimejifunga leso. Meno yangu yaligongana. Yeye akapuliza hewa, akaona moshi unatoka mdomoni, akapiga kelele, "Mathe, mimi ni lori!" Wenzake wote wakawa malori.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Longi yake ilikauka Ijumaa.