Ufa, Ukuta na Maji Kujaa

Methali mbili za Kiswahili zimeegemea neno moja, ukuta, lakini hazitupeleki njia moja. Ya kwanza yaonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya pili yakumbusha kwamba wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Mtu aliyenunua nyumba kuukuu, na huku moyo wake umebaki baharini, huishi baina ya kuta hizo mbili. Je, ana haki ya kuuacha ufa wa nyumba yake akaenda kucheza na mawimbi?

Naliuliza swali hili kwa kuwa limenifika. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na riziki imenihamishia Korogwe, ambako nimenunua nyumba yenye bati lililoota kutu na lipu iliyobambuka. Utotoni tulingoja maji yajae, tukalala kifudifudi juu ya kipande cha ubao wa mtumbwi, wimbi likatubeba hadi mchangani. Mwanangu ametimiza miaka 11 bila ya kuuonja mchezo huo. Nilimwahidi kumfundisha, na kila Jumamosi nilimwambia: nyumba kwanza.

Ugumu umo katika majira. Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli hubisha hodi Oktoba. Mwenye nyumba hana budi kuezua na kuezeka baina ya Juni na Septemba. Nayo ndiyo miezi ya kusi, upepo unaoyainua mawimbi ya pwani yetu. Hata hivyo si kila siku ya kusi ni siku ya mchezo. Mwamba huvunja nguvu ya bahari, na wimbi la kufaa huupita maji yakijaa sana, yaani siku za bamvu, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo hazingoji lipu ikauke.

Fundi wangu ni mtu wa Handeni, kijana wa Kizigua. Siku moja aliniona nikitazama kalenda ya miezi, akauliza sababu. Nilipomweleza alicheka. “Mzee,” alisema, “kwetu bomba likitoa maji hakuna anayeuliza una kazi gani. Unaweka chini ulichoshika, unachukua ndoo.” Handeni ni nchi ya ukame, na mradi wake mkubwa wa maji ulijengwa uyachote maji ya mto Pangani, upande huu wa Korogwe. Mwanamke anayeacha jembe na kukimbilia bomba haitwi mvivu. Ameitii saa ambayo si yake kuipanga.

Msomaji atapinga kwamba maji ya kunywa ni dharura na mchezo ni anasa. Pingamizi hilo lina uzito, na si geni. Huko Hawaii wakuu kwa wadogo walikuwa wakipanda mawimbi kwa mbao tangu kale. Wamisionari walipofika mwaka 1820, wengi wao waliuona mchezo huo kuwa uzembe, na katika karne ile ukafifia mno. Baadaye ulifufuka, hata ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Tokyo mwaka 2021. Lakini sitetei mchezo kwa sifa za Olimpiki. Nasema tu kwamba wajibu ni wa namna mbili: upo unaongoja na upo unaooza ukicheleweshwa. Utoto wa mtoto ni wa namna ya pili. Ufa unaopitisha mvua nao ni wa namna ya pili.

Basi niliketi nikazihesabu kazi za nyumba. Zilikuwa kumi na mbili. Tatu zilihusu mvua na wezi: bati, mlango wa uani na ufa wa ukuta wa mashariki. Tisa zilizosalia zilihusu macho ya majirani. Nilikuwa nikimnyima mwanangu bahari ili wapita njia waisifu rangi ya baraza yangu, nami nikiiita hali hiyo bidii.

Kosa langu jingine lilikuwa kubwa zaidi. Bamvu la kwanza la Julai nilimchukua mtoto tukapanda basi hadi Tanga, tukaunga safari ya Pangani. Nyuma yangu fundi alibaki juu ya paa, nami nadaiwa naye ujira wa wiki mbili. Sikuwa fukara, nauli nilikuwa nayo, na ujira ulikuwemo mfukoni. Nilirudi nikiwa na chumvi mwilini, nikamkuta akikusanya misumari jua likizama. Hakulalamika. Ukimya wake ulinifunza kwamba swali nililoanza nalo lilikuwa nusu. Haitoshi kuuliza kama nina haki ya kupumzika. Sharti niulize pia ni nani anayelipia mapumziko yangu. Dini imetufunza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na mimi nilikwenda kuoga baharini kwanza.

Bamvu lililofuata nililipa deni lote, kazi ikafungwa kwa siku tatu. Yeye alikwenda kwao Handeni, sisi tukaenda Pangani. Mtoto alianguka mara nyingi, kisha wimbi moja likamchukua.

Mto Pangani unapita karibu na mji wetu. Chini ya hapo, Hale, unazungusha mitambo ya umeme ya megawati 21 tangu mwaka 1964, na mbele kidogo mitambo mingine ya megawati 68 tangu mwaka 1995. Unanywesha watu, unanywesha mashamba, na mwishowe unafika baharini. Baraza yangu bado haijapakwa rangi. Ufa wa mashariki umezibwa.